Kutoka Herufi hadi Ngeli: Uhakiki wa Kitabu cha Alfabeti "Ashanti to Zulu"

Utangulizi

Fasihi ya watoto ni uwanja ambao walimu wengi wa shule za upili huupitia kwa haraka, kama mtu apitaye soko ambalo hana haja nalo. Katika uwanja huo, kitabu cha alfabeti ndicho hudharauliwa zaidi. Huchukuliwa kuwa chombo cha kumfunza mtoto herufi, basi. Makala haya yanashikilia kuwa kitabu cha alfabeti ni kazi ya fasihi yenye muundo, mtazamo na itikadi, na kwamba kinastahili kuhakikiwa kwa vigezo vile vile tunavyotumia kuhakiki riwaya au tamthilia.

Kitabu tutakachokiangazia ni "Ashanti to Zulu: African Traditions", kilichoandikwa na Margaret Musgrove na kuchorwa na wanandoa Leo na Diane Dillon. Kilichapishwa nchini Marekani mwaka 1976. Mwaka 1977 wachoraji hao walituzwa Nishani ya Caldecott, ambayo hutolewa na chama cha wakutubi wa Marekani kwa kitabu bora cha picha. Huo ulikuwa mwaka wao wa pili mfululizo kuipata, kwani walikuwa wametuzwa mwaka 1976 kwa michoro ya hadithi nyingine yenye asili ya Afrika Magharibi.

Swali letu ni hili: mwalimu wa Kiswahili mjini Eldoret akikipata kitabu hiki katika maktaba ya shule, akisome vipi na wanafunzi wake? Jibu letu ni kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe, hasa kiambishi WA- na kiambishi HU-, inampa nyenzo za kukihakiki ambazo msomaji wa Kiingereza hana.

Muhtasari wa kitabu

Kitabu kina jamii ishirini na sita, kila moja chini ya herufi yake. Kinaanza na Waashanti wa Ghana na nguo yao ya kente, na kuishia kwa Wazulu wa Afrika Kusini. Katikati wamo Watuareg, ambao wanaume wao hujifunika uso kwa shela, na Wakung, ambao hubeba maji katika maganda ya mayai ya mbuni. Eneo letu la Afrika Mashariki na jirani zake limewakilishwa vyema: Wachaga na Waikoma wa Tanzania, Wajie wa Uganda, Warendile wa Kenya, Wamaasai wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na Wagenia wa Kongo. Kila jamii ina aya moja fupi, mchoro mmoja na mwongozo wa kutamka jina lake. Mwishoni pana ramani ya bara zima inayoonyesha makao ya kila jamii.

Dhamira ya mwandishi iko wazi. Msomaji aliyemlenga ni mtoto wa Marekani wa miaka ya 1970, ambaye huenda alidhani Afrika ni nchi moja yenye watu wa namna moja. Kwa mtoto huyo, hasa mwenye asili ya Kiafrika, kitabu kilisema kuwa bara hili lina jamii nyingi, kila moja na jina, makao na fahari yake. Ujumbe huo ulihitajika, na hauna budi kupongezwa.

Alfabeti kama muundo

Katika uhakiki tumezoea kusema kuwa fani hubeba maudhui. Katika kitabu cha alfabeti, fani huyachagua maudhui. Mwandishi wa riwaya ana hiari ya kuamua wahusika wake ni wangapi. Mwandishi wa alfabeti ya Kiingereza analazimika kupata ishirini na sita, na lazima mmoja wao aanze kwa Q na mwingine kwa X. Ndiyo maana Waquimbande wa Angola wamepata ukurasa, ilhali jamii zenye mamilioni ya watu, kama vile Waigbo, Waoromo na Waganda, hazina. Aliyeteua hapa ni herufi. Umuhimu wa jamii haukuzingatiwa.

Aidha, herufi huficha sauti. Jina la Wakung, likitamkwa na wenyewe, huanza kwa kidoko, yaani sauti inayotolewa kwa kuubandua ulimi. Kidoko hicho hakina nafasi katika alfabeti ya Kiingereza, kwa hivyo jamii hiyo imewekwa chini ya K. Kwa upande mwingine, X ya Waxhosa ni alama ya kidoko katika maandishi ya lugha yao, nayo imekaribishwa kwa sababu Kiingereza kilikuwa na pengo la kujaza. Kidoko kimoja kimeachwa na kingine kimetafutwa.

Tukirudi kwenye jadi yetu, alfabeti si muundo mgeni. Katika vyuo vya pwani watoto walianza kwa alifu na be, na washairi waliugeuza mpangilio huo kuwa bahari ya tungo. Mfano ni Dura Mandhuma, shairi linalonasibishwa na Umar bin Amin wa Siu, ambalo beti zake hufuata mpangilio wa herufi za Kiarabu. Jina lake lina maana ya lulu zilizotungwa katika uzi. Katika shairi la namna hiyo herufi ni uzi tu, na mawaidha ndiyo lulu. Kinachobebwa na herufi ni wazo, wala si kundi la watu. Hali kadhalika, mtoto wa Kenya anayejifunza kusoma Kiswahili hupitia silabi: ba, be, bi, bo, bu. Lugha yetu haimzoezi kuona herufi moja kuwa makao ya kitu kimoja.

Inafaa kulinganisha na kitabu kingine cha Marekani, "Jambo Means Hello", kilichoandikwa na Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, na kuchorwa na Tom Feelings. Kilitoka mwaka 1974. Kitabu hicho kina herufi ishirini na nne kwa sababu Kiswahili hakitumii Q wala X. Mwandishi aliipunguza alfabeti ili ilingane na lugha. Katika "Ashanti to Zulu", bara lilipunguzwa ili lilingane na alfabeti. Tofauti hiyo ni ya kifani, lakini matokeo yake ni ya kimaudhui.

Kiambishi WA- na tatizo la tafsiri

Tuseme mwalimu anataka kukitafsiri kitabu hiki kwa ajili ya darasa lake. Atakwama kwenye jalada. "Ashanti to Zulu" ni safari kutoka A hadi Z. Kwa Kiswahili inakuwa "Waashanti hadi Wazulu", yaani kutoka W hadi W. Akitumia umoja atakuwa na Mwashanti na Mzulu, na safari itaanza M na kuishia M. Kila anayetumia kamusi anajua jinsi kurasa za M zilivyo nyingi, kwa kuwa mtu, mtoto, mgeni na mkulima wote wamo humo. Katika Kiswahili, jamii zote za kitabu hiki zingeingia katika sura moja.

Huu si upungufu wa lugha. Ni hoja. Kiswahili hakimtaji Mrendile kabla ya kumtia katika ngeli ya A-WA. Kwanza ni mtu, kisha ni Mrendile. Walimu makini watapinga kuwa wanyama na wadudu nao wamo katika ngeli hiyo, na ni kweli. Hata hivyo, kila jina la jamii ya watu katika Kiswahili sanifu hupokea upatanisho huu bila ubaguzi wa ukubwa, lugha au mbali litokako.

Jambo la kuvutia ni kwamba kitabu chenyewe kina ushahidi wa hoja hii. Chini ya W wamewekwa Wagenia, wavuvi wanaotega samaki kwa madema makubwa kwenye maporomoko ya Mto Kongo karibu na Kisangani. Mchaga amevuliwa kiambishi na kuandikwa Chagga ili aingie C. Mgenia ameachiwa kiambishi chake cha wingi kwa sababu W ilihitaji mtu. Kisangani ni mji wa Kiswahili, na jina hilo limefika Marekani likiwa na sarufi yake. Mwanafunzi atagundua mara moja kuwa herufi ya kwanza ya jamii hiyo si W. Zoezi hilo dogo humfanya mhakiki wa kitabu kilichopewa nishani ughaibuni.

Kiambishi HU- na suala la wakati

Maandishi ya kitabu yako katika wakati uliopo wa mazoea. Waikoma hushirikiana na ndege anayewaongoza hadi kwenye asali. Wagenia huvua samaki. Tafsiri ya Kiswahili italazimika kutumia HU-, kama nilivyofanya hapa.

Sasa tuitazame HU- kisarufi. Kiambishi hiki hakikubali kiambishi cha nafsi. Mimi huvua, wewe huvua, wao huvua, kitenzi hakibadiliki. Vilevile hakionyeshi jana wala kesho. Sentensi yenye HU- haina mtu mahususi wala siku mahususi. Kwa methali na kanuni za maumbile inafaa sana: jua huchomoza mashariki. Kwa jamii ya watu, inawageuza kuwa kama jua, wasiobadilika wala kuamua.

Chukua Waikoma. Wanaishi magharibi mwa Serengeti katika mkoa wa Mara. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951, robo karne kabla ya kitabu kuchapishwa, na sheria zake zilibadilisha mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuingia kutafuta asali au nyama. Sentensi yenye HU- haina nafasi ya hifadhi, askari wala sheria. Chukua pia Wagenia: kitabu kilipotoka nchi yao iliitwa Zaire, na tangu mwaka 1997 inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ramani ilibadilika. HU- haikubadilika.

Tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Mwalimu afungue maandalio yake ya somo la miviga. Huko nako tumeandika kuwa miviga hufanyika mahali maalumu, huongozwa na wazee, huandamana na nyimbo na maleba. Mtahiniwa hukariri orodha hiyo na kuiandika katika karatasi ya tatu ya KCSE bila kuwahi kujiuliza ni wazee gani, wa wapi, mwaka gani. Tunawafunza watoto wetu kuandika kuhusu nyanya zao kwa kiambishi kile kile anachotumia mgeni.

Michoro

Sharti tutende haki kwa wachoraji. Karibu kila mchoro una mwanamume, mwanamke, mtoto, makao, kifaa cha kitamaduni na mnyama wa eneo hilo. Ustadi wa rangi ni wa hali ya juu, na nyuso zimechorwa kwa heshima: kila mtu ana sura yake, hakuna kikaragosi. Mwanamke na mtoto hawakuachwa nje ya utamaduni, jambo ambalo baadhi ya vitabu vyetu vya historia vimelisahau.

Kitabu pia kinakiri mwanzoni kuwa vitu hivyo sita vimekusanywa pamoja ili kumfunza msomaji, na kwamba katika maisha ya kawaida pengine visingeonekana mahali pamoja. Ungamo hilo ni la uaminifu. Tatizo ni kwamba mtoto husoma picha, hasomi dibaji. Anachobaki nacho ni kwamba mbele ya kila nyumba ya Mwafrika pamesimama mnyama wa porini. Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Kazi yake ni kuisoma dibaji kwa sauti, kisha kuuliza: kitu kipi kati ya hivi sita kimeletwa na mchoraji?

Msomaji wa Eldoret

Nadharia ya upokezi hutufunza kuwa maana ya kazi hukamilishwa na msomaji. Msomaji wa Marekani wa mwaka 1976 alihitaji kuambiwa kuwa Waafrika ni tofauti tofauti. Msomaji wa Eldoret hahitaji kukumbushwa hilo. Amelisikia tangu utotoni, wakati mwingine kwa sauti ya kutisha.

Tukijaribu kuandika alfabeti ya jamii za Kenya darasani, ugumu utajitokeza mara moja. K ni ya nani? Wakalenjin watasema ni yao. Lakini jina Kalenjin lilianza kutumika kama jina la pamoja katika miaka ya 1940, likiwakusanya Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Wamarakwet, Watugen, Wapokot na wengineo. Je, Mmarakwet awekwe K au M? Waluhya na Wamijikenda watauliza swali hilo hilo. Hata idadi haijatulia. Kwa miaka mingi tuliimba kuwa Kenya ina makabila arubaini na mawili. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wamakonde kuwa jamii ya 43, na mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Asia kuwa ya 44.

Na E je? Tuseme ni Eldoret. Mji huu ulianzia kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee waliuita Sisibo, na ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024. Jina lake huelezwa kuwa neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, likapewa kiishio cha Kikalenjin. Uasin Gishu, jina la kaunti, ni la kikundi cha Wamaasai kilichoishi hapa zamani. Jina moja la mji limetungwa na jamii mbili, na wanaolitamka leo sokoni ni wa jamii nyingi. Alfabeti yenye ukurasa mmoja kwa jamii moja haiwezi kuuandika mji huu.

Suala hili halikomei kwenye fani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuana kwa sababu ya majina ya jamii zao. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwalimu wa Eldoret anayefunza kuhusu "mila za makabila" hufunza juu ya ardhi hiyo.

Hapa sarufi inatufunza jambo zito. Ingekuwa rahisi kudai kuwa kiambishi WA- kingezuia chuki. Hakikuzuia, majina yote yaliyotajwa kwa ubaya wakati huo yalikuwa na WA-. Lakini tazama neno lililotumiwa katika Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990 kuwaita waliohesabiwa kuwa wageni: madoadoa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki. Mwulize mwanafunzi ngeli yake. Doa, madoa: ni LI-YA. Madoadoa hayafukuzwi kama watu. Yanaondolewa, yanafutwa, yanasafishwa. Kabla ya jirani kuvamiwa, alikuwa amekwisha kuhamishwa kutoka ngeli ya A-WA hadi ngeli ya vitu. Kwekwe, neno jingine la aina hiyo, nalo liliwatoa watu katika ngeli yao likawafanya magugu ya kung'olewa.

Kitabu cha Musgrove hakina hata chembe ya chuki hiyo, na itakuwa dhuluma kukihusisha nayo. Tunalosema ni kwamba mazoea ya kumfanya jirani kuwa herufi moja, mila moja na picha moja hayana hatari New York kama yalivyo nayo hapa. Mtoto aliyefunzwa kuwa jamii fulani "hupenda pesa" na nyingine "hukimbia mbio" ameshapewa alfabeti, na ni HU- iliyomwandikia.

Mapendekezo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwanza, kitabu kitumike. Kina uzuri, na wanafunzi wataipenda michoro yake. Pili, kila ukurasa usomwe kwa kubadilisha HU- kuwa -LI- au -NA-, na kuongeza mahali, mwaka na neno "baadhi". Mwanafunzi akishindwa kukamilisha sentensi, amegundua kile ambacho kitabu hakikusema. Tatu, katika utafiti wa nyanjani wa fasihi simulizi, mwanafunzi amhoji mzee wa jamii isiyo yake kuhusu mviga mmoja, na aandike alivyoeleza: nani alifanya nini, wapi, lini, na kipi kimebadilika. Nne, mtahiniwa anayejibu swali la miviga atoe mfano wenye jamii, mahali na wakati. Jibu lenye mfano mahususi huonyesha uelewa kuliko orodha ya vitenzi vya HU-.

Hitimisho

"Ashanti to Zulu" ni kitabu kilichofanya kazi njema kwa msomaji wake wa kwanza. Kwa msomaji wetu, ubora wake unategemea mwalimu. Alfabeti huwapanga watu kwa kuwatenganisha, kila mmoja katika chumba chake. Kiswahili huwataja watu kwa kuwatia kwanza katika ngeli moja. Mwalimu wa Kiswahili hufunza ngeli akidhani anafunza sarufi tu. Katika mji huu, anafunza pia ni nani anayehesabiwa kuwa mtu.

Maswali ya kudurusu

1. "Katika kitabu cha alfabeti, fani huyachagua maudhui." Jadili kauli hii kwa mifano.
2. Eleza athari za kiambishi HU- katika maelezo ya mila na desturi. Andika upya aya moja ya maandalio yako ya miviga bila kukitumia.
3. Linganisha ngeli za maneno "Wageni" na "madoadoa". Mabadiliko ya ngeli yanaathiri vipi vitenzi vinavyoandamana na maneno hayo?
4. Tunga ukurasa mmoja wa kitabu cha picha kuhusu mji unaoishi, utakaotaja jamii zaidi ya moja. Eleza ni muundo upi utakaoutumia badala ya alfabeti, na kwa nini.